Sakafu ya mbao ikivimba, chanzo kitafutwe kabla ya randa

Mwezi Mei 2020, kimo cha Ziwa Victoria kilifikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja nchini Uganda, kikivuka kidogo rekodi ya mwaka 1964. Maji yaliingia katika majengo ya ufukweni. Mafuriko ya namna hiyo yanapopungua, nyumba zenye sakafu za mbao hubaki na tatizo jingine: mbao hubinuka, hata zile za mvule. Mti huo husifiwa kwa kustahimili mchwa na kuoza, lakini nao hunywa maji.

Kwa nini mbao hubinuka

Mbao zikipata unyevu hutanuka kwa upana, ilhali urefu wake haubadiliki sana. Kwa miti mingi ya mbao ngumu, kila unyevu unapopanda kwa asilimia 1, upana huongezeka kwa takriban asilimia 0.2 hadi 0.3. Hivyo sakafu ya chumba chenye upana wa mita 4, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4, hudai nafasi ya ziada ya zaidi ya sentimita 3. Ikiikosa ukutani, huinuka.

Kutambua chanzo

Kingo za ubao zikiwa juu na katikati chini, unyevu kwa kawaida unatoka chini: zege lisilokauka, bomba linalovuja au maji ya ardhini. Katikati ikiwa juu, huenda maji yalimwagika juu ya sakafu, au ilipigwa msasa kabla ya kukauka. Uharibifu wa kona moja karibu na bafu huelekeza kwenye bomba.

Zege hupimwa kwa kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande, kilichobandikwa utepe pande zote na kuachwa usiku kucha. Matone au weusi chini yake ni dalili kwamba unyevu ungalipo.

Matengenezo

Kwanza maji yazuiwe. Kisha madirisha yafunguliwe, feni ziwashwe, na mbao chache ziondolewe ili hewa ipite chini. Kukauka huchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Kosa kubwa ni kupiga randa wakati huo. Kingo zilizoinuka hukatwa, na mbao zikikauka, kingo hizo huzama na katikati hubaki na kibyongo. Unene uliopotea haurudi.

Mbao zilizobinuka kidogo mara nyingi hurejea zenyewe. Zilizopasuka hukatwa katikati kwa msumeno na kutolewa kwa patasi, bila kujeruhi ndimi za mbao jirani. Mbao mpya zikae chumbani siku kadhaa kabla ya kufungwa, na ukutani iachwe nafasi isiyopungua sentimita 1.

Mwenye nyumba anayesubiri huenda akabadilisha mbao chache tu. Anayeharakisha hujikuta akigharimia chumba kizima.