Neno "Tiroidi" na Ngao ya Wayunani

Wasomaji wengi wamepata kumsikia daktari akitaja tezi ya tiroidi, hasa mbele ya mtu mwenye rovu, yaani uvimbe wa shingoni. Neno hilo limetoka wapi?

Ni neno la sifa la Kiyunani, maana yake "yenye umbo la ngao". Wayunani waliita thyreos ile ngao ndefu iliyofanana na mlango, kwa kuwa mlango kwao ni thyra. Mtakatifu Paulo alitumia neno lilo hilo alipowaandikia Waefeso juu ya ngao ya imani. Waganga wa kale wakaliita hivyo gegedu gumu lililo mbele ya koo. Halafu mwaka 1656 mganga Mwingereza, Thomas Wharton, akaipa jina hilo tezi iliyo chini yake. Basi tezi imeitwa kwa jina la jirani. Yenyewe yafanana zaidi na kipepeo. Wala Wharton hakujua kazi yake. Alidhani kwamba, pamoja na mengine, yaijaza shingo ipendeze, hasa ya wanawake!

Mwaka 1896 Mjerumani Eugen Baumann alitangaza kwamba ndani yake mna iodini. Mwaka 1905 Mwingereza Starling akatoa neno hormoni, kutoka kitenzi cha Kiyunani cha kuamsha. Tiroidi hutengeneza hormoni zake kwa iodini. Ikiikosa, huvimba kwa kujitahidi. Mama mjamzito akiikosa sana, mtoto aweza kuzaliwa mzito wa akili, au kiziwi asiyesema, na dawa ya baadaye haimrudishi.

Jambo hili lilichunguzwa kwetu Kongo. Katika miaka ya 1960 Mbelgiji François Delange na wenzake waliwapima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa la nadra. Kwa nini? Sababu waliiona katika mihogo. Sumu ya mihogo isiyotolewa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia iodini isiingie katika tezi. Penye iodini ya kutosha, mihogo haina hatia.

Kwa hiyo sisi wa Bunia hatuna haja ya kuuacha ugali wa muhogo. Mama na ailoweke mihogo siku tatu au nne hata ilainike, kisha aianike vema. Na chumvi ya iodini aitie chakula kikiisha kuiva, tena aiweke katika chombo chenye kifuniko, maana iodini hupotea kwa moto na kwa hewa.