Nyimbo Nyepesi za Roki na Mkono Uliosahau Gitaa

Mtu aliyeliacha gitaa kwa miaka mingi, kisha akalirudia, hukuta kwamba kichwa chake chakumbuka yale ambayo mkono umekwisha kuyasahau. Ajua wimbo waanzia wapi na waishia wapi. Ajua hata mahali pa kila kidole. Lakini kidole kikifika mahali pale huwa kimechelewa, na ncha yake, iliyolainika kwa kushika kalamu tu, huanza kuuma kabla ya ubeti wa pili. Hayo yalinipata nilipolishusha gitaa langu kavu ukutani baada ya miaka 23. Kwa kiburi nilianza na wimbo mgumu niliokuwa nikiupiga ujanani, na kwa muda wa juma zima nikalichukia gitaa, nikajichukia na mimi mwenyewe. Jirani yangu, mzee mwenye adabu nyingi, aliniuliza kama nilikuwa nikilitengeneza. Siku ya nane nilikuwa karibu kulirudisha kwenye msumari wake, wala sidhani kama ningelishusha tena. Kilichonizuia kilikuwa swali, na swali lenyewe lilikuwa la historia kuliko la muziki: zile nyimbo za roki ambazo kila mwalimu humpa mwanafunzi kwa kuwa ni nyepesi, wepesi wake ulitoka wapi?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno moja. Wapigaji wetu huita kodi sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja, na msomaji asiichanganye na ile inayodaiwa na serikali, ijapokuwa zote mbili huumiza. Gitaa lina nyuzi sita, ambazo kwa desturi hukazwa katika sauti za E, A, D, G, B na E. Kodi ambayo sauti zake nyingi zapatikana katika nyuzi zilizoachwa wazi haitaki nguvu. Vidole viwili au vitatu vyatosha. Kodi isiyo na bahati hiyo, kama F, hutaka kidole cha shahada kilazwe juu ya shingo ya gitaa mithili ya komeo, kikandamize nyuzi kadhaa kwa mara moja. Hapo ndipo wengi walipoachia njiani.

Basi nyimbo za bluzi, na roki ya kwanza iliyozaliwa nazo, aghalabu zilijengwa juu ya kodi tatu tu: ile ya kwanza ya ufunguo, ya nne na ya tano. Katika ufunguo wa A ni A, D na E. Katika D ni D, G na A. Katika G ni G, C na D. Zote hizo ni kodi za nyuzi wazi. Mtu akichagua ufunguo wa E atapata E na A bila taabu, lakini ya tatu ni B, nayo haina huruma. Ndiyo sababu wapigaji huweka B ya saba mahali pake, ambayo yataka vidole vinne lakini haitaki komeo. Paul McCartney amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa kijana mjini Liverpool, yeye na wenzake walipata habari za mtu wa upande mwingine wa mji aliyeijua B ya saba, wakapanda basi kumwendea, wakafundishwa, wakarudi nayo kwao. Safari nzima ya basi kwa ajili ya kodi moja! Siku hizi kijana aweza kuiona B ya saba kabla hajaamka kitandani, lakini sina hakika kama aithamini kama walivyoithamini wale.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 5 Julai 1954, katika chumba cha kurekodia cha Sun mjini Memphis, Marekani, kijana wa miaka 19, Elvis Presley, aliimba wimbo uitwao "That's All Right". Walikuwapo watu watatu tu wa kupiga: Scotty Moore kwenye gitaa la umeme, Bill Black kwenye besi kubwa ya kusimama, na Presley mwenyewe kwenye gitaa kavu. Mpiga ngoma hakuwapo. Kazi ambayo ngoma ingeifanya ilifanywa na kiganja cha kulia cha Presley, kikipanda na kushuka juu ya A, D na E. Msomaji anayelirudia gitaa na autazame mkono huo wa kulia, kwa kuwa vitabu vingi vya kufundishia hujaa picha za mkono wa kushoto, na huku wimbo mzima umebebwa na ule mwingine. Mimi mwenyewe nimeona kwamba mkono wangu wa kushoto ndio uliosahau. Wa kulia ulikuwa umelala tu.

Lakini wimbo ule haukuwa wa Presley. Uliandikwa na kurekodiwa na Arthur Crudup, mzaliwa wa Mississippi, mwaka 1946. Crudup alikuwa mtu wa bluzi za mashambani, ambaye ufundi wake wa gitaa haukuwa mpana. Alizipiga kodi alizokuwa nazo, na kwa kodi hizo akatunga wimbo uliofungua mlango wa roki. Alifariki mwaka 1974 bila kupata malipo ya haki kwa nyimbo zake ambazo wengine waliziimba wakatajirika. Nalisema jambo hili kwa makusudi, maana katika vitabu vya nyimbo nyepesi jina lake halionekani mara nyingi, na mwanafunzi huambiwa tu kwamba wimbo ni wa kodi tatu.

Siku nane baada ya Presley kurekodi, yaani tarehe 13 Julai 1954, Mwingereza aitwaye Lonnie Donegan, aliyekuwa akipiga katika bendi ya jazi ya Chris Barber, alirekodi mjini London wimbo wa "Rock Island Line". Wimbo huu nao ulikuwa na asili ya mbali. John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za watu, aliusikia mwaka 1934 katika magereza ya Arkansas, akiwa amefuatana na Huddie Ledbetter aliyejulikana kwa jina la Lead Belly. Ledbetter akauchukua, akautengeneza kwa gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, akaufanya maarufu. Santuri ya Donegan ilitolewa peke yake mwishoni mwa mwaka 1955, na mwaka 1956 ikawaka mithili ya nyasi kavu. Muziki huo uliitwa skifo. Besi yake ilikuwa sanduku la chai lenye mpini wa fagio na kamba. Ngoma yake ilikuwa ubao wa kufulia nguo uliokwaruzwa kwa vidole vilivyovikwa visubano vya kushonea. Gitaa pekee ndilo lililonunuliwa kwa fedha nyingi, nalo aghalabu lilikuwa la hali ya chini.

Hapa ndipo wepesi ulipokuwa jambo la historia. Vijana wa Uingereza waliolelewa katika dhiki ya baada ya vita, ambao wazazi wao hawakuwa na fedha za mwalimu wa piano, waligundua kwamba kwa kodi mbili au tatu waweza kuwa na bendi yao wenyewe. Mwaka 1957 Bert Weedon alitoa kitabu cha mafunzo ambacho jina lake liliahidi kwamba mtu atapiga gitaa kwa siku moja. Ahadi hiyo haikuwa ya kweli, kama ajuavyo kila aliyejaribu, lakini uongo wake ulikuwa wenye manufaa: kitabu kilinunuliwa kwa wingi mno, na miongoni mwa walioanza nacho walikuwamo watu waliokuja kubadili muziki wa dunia. Mwaka huo huo, tarehe 6 Julai, katika sherehe ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Woolton, McCartney alikutana na John Lennon, kiongozi wa kikundi cha skifo kilichoitwa Quarrymen. Lennon alikuwa akipiga kodi za banjo alizofundishwa na mama yake, na hakuona haya. McCartney alimpigia "Twenty Flight Rock" wa Eddie Cochran. Hata walipokuwa Beatles, walikuwa ni watoto wa kodi tatu waliokuwa wakiongeza ya nne na ya tano kila walipoipata.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wimbo wa kodi tatu ni mwepesi kila uwapo. Chuck Berry alitoa "Johnny B. Goode" mwaka 1958 katika ufunguo wa B flati, unaowafaa wapiga tarumbeta kuliko wapiga gitaa kavu, kwa kuwa karibu kila kodi yake yataka komeo. Dawa yake ni kibanio kiitwacho kapo: kifunge katika freti ya kwanza, piga A, D na E kama kawaida, nawe utasikia B flati. Wako wanaokidharau kibanio hicho wakisema ni gongo la kiwete. Nami nasema kiwete asiye na gongo hakai ila kizingitini.

"Louie Louie" wa Richard Berry ni mfano mwingine. Berry aliutoa mwaka 1957, kisha akaiuza haki yake kwa dola 750. Mwaka 1963 kikundi cha Kingsmen kiliurekodi upya, kwa kodi za A, D na E maina, na mwimbaji akayameza maneno kiasi kwamba watu walidhani mna matusi ndani yake. Idara ya upelelezi ya Marekani, yaani FBI, ilifanya uchunguzi, na baada ya kuisikiliza santuri kwa mwendo wa kasi na wa polepole ikakiri kwamba maneno hayafahamiki. Sijui kama dola ya nchi kubwa imewahi kushindwa na kodi tatu kwa namna hiyo. Jambo la kufurahisha ni kwamba miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, Berry alirudishiwa sehemu ya haki yake.

Mwaka ambao mimi huuita mwaka wa neema kwa wenye gitaa kavu ni 1972. Neil Young alikuwa ameumia mgongo, asiweze kulibeba kwa muda mrefu gitaa la umeme, ambalo ni zito. Akaketi kitini na gitaa kavu, na sehemu kubwa ya santuri yake ya "Harvest" ikatokana na kuketi huko. Wimbo wake "Heart of Gold", ambao umejengwa juu ya E maina, C, D na G, ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwezi wa Machi. Juma lililofuata uliondolewa na "A Horse with No Name" wa kikundi cha America, vijana wa Kimarekani waliokutana Uingereza ambako baba zao walikuwa askari wa anga, na wasikilizaji wengi walidhani ni Young yule yule anayeimba. Wimbo huo wa pili ni wa kodi mbili. Vidole viwili vyakaa katika uzi wa tano na wa nne, freti ya pili, kisha vyatanuka hadi uzi wa sita na wa tatu, freti ile ile, kisha vyarudi. Sijaona wimbo mwingine wa roki uliofika mbali hivyo kwa mwendo mfupi hivyo. Yeyote ambaye vidole vyake vimekauka na aanze hapo, lakini asidanganyike juu ya mkono wa kulia: mdundo wake wataka utulivu, na kodi ikiwa moja kwa muda mrefu kosa la mdundo halina pa kujificha.

Kinyume cha hayo ni "Smoke on the Water" wa Deep Purple, uliotungwa baada ya jumba la kasino la Montreux kuteketea tarehe 4 Desemba 1971. Kila kijana mwenye gitaa la umeme huujua, na kwa kweli sauti zake za mwanzo ni rahisi. Lakini katika gitaa kavu zasikika kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Wepesi wa gitaa la umeme hauhamishiki daima. Nyuzi zake ni nyembamba na mtambo hurefusha mlio; gitaa kavu lina nyuzi nene za chuma, zilizoenea tangu miaka ya 1920 kwa sababu ya kutafuta sauti kubwa, na ukubwa wa sauti hiyo walipa vidole. Wimbo unaofaa ni ule uliozaliwa juu ya gitaa kavu, au ulioweza kurudi kwake kama nyimbo za Clapton na Nirvana zilivyorudishwa mwaka 1992 na 1993 mbele ya kamera za televisheni.

Rafiki mmoja aliniuliza mbona sirudi kwa njia ya nyimbo za kwetu, akanitajia "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambako sasa huitwa Likasi. Nilicheka. Mwenda hutumia kidole gumba na cha shahada tu, lakini viwili hivyo huongea mambo mawili kwa wakati mmoja, kila kimoja na njia yake. Anayedhani kwamba gitaa la Katanga ni la wanaoanza hajalijaribu. Nimeuweka wimbo huo mbali, mahali ninapouona.

Kwa sasa ninazo nyimbo nne. Nilianza na ule wa kodi mbili. Kisha "Knockin' on Heaven's Door", ambao Bob Dylan aliutunga mwaka 1973 kwa ajili ya filamu, wenye G, D, A maina na C. Kisha wa Young. Kisha wa Crudup katika A, nikilitamka jina lake kabla sijaanza. Ncha za vidole zimeota sugu. F yalia, ila uzi mmoja wagoma. B ya saba bado huchelewa nusu ya pigo, na jioni hizi naifanyia kazi hiyo peke yake, dirisha likiwa limefungwa.