Wanyama wa Majani na Wawindaji wa Kale Kandokando ya Ziwa Nyasa

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba nchi hii, kabla ya kufika babu zetu, ilikuwa pori tupu la wanyama wala hapakuwa na mtu. Tumelipima neno hilo, nasi twaona si kweli. Tena hata wanyama wenyewe hawakukaa sikuzote mahali wakaapo leo.

Tuanze na ziwa. Mtu akitoka Litembo akafika ukingo wa milima upande wa magharibi, huliona Ziwa Nyasa chini yake, akadhani limekuwa hivyo tangu mwanzo. Kina chake chapata mita 700. Walakini mwaka 2005 mabingwa waliteremsha mabomba hata chini ya maji, wakatoa tope lililolala tabaka juu ya tabaka. Kwa tope hilo walitambua kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita mvua zilikatika mara kwa mara kwa maelfu ya miaka, hata ziwa likapungua zaidi ya mita 500. Penye maji mengi leo palikuwa nchi kavu.

Basi mla majani hufuata majani, na majani hufuata mvua. Mfano ulio wazi watoka mbali na kwetu, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Huko yamefukuliwa mafupa ya pundamilia wa namna ile ambayo siku hizi yapatikana kaskazini mwa Kenya na Ethiopia tu, pamoja na mafupa ya mnyama wa jamii ya nyumbu ambaye hayuko tena duniani. Wanyama wa mbuga waliingiaje kisiwani? Hawakuogelea. Zamani hizo ziwa lilipungua, na Rusinga ilikuwa kilima katikati ya nyika. Na pamoja na mafupa hayo mna mawe yaliyochongwa na wawindaji.

Sasa turudi kwetu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika jimbo la Niassa la Msumbiji, liko pango liitwalo Ngalue. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba juu ya mawe ya kale yaliyochimbwa humo, yenye umri upatao miaka 100,000, yameonekana mabaki ya unga wa mbegu za jamii ya mtama. Mtama wenyewe haukuwa wa kulimwa, ulikuwa wa porini. Hivyo mwindaji yule, ambaye sisi humfikiri kuwa mla nyama tu, alikula mbegu za majani yale yale waliyoyala wanyama wake.

Lakini habari iliyotushangaza kuliko zote yatoka Karonga, ng'ambo ya ziwa, nchi ya Malawi. Tope la ziwa laonyesha ya kuwa mvua ziliporudi, yapata miaka 85,000 iliyopita, misitu haikurudi kama ilivyorudi zamani, bali makaa ya moto yaliongezeka. Nyakati hizo ndipo mawe ya wawindaji yawapo mengi huko Karonga. Walioandika habari hizi mwaka 2021 wasema kwamba watu ndio waliochoma nchi. Tungeweza kuuliza, je, radi haiwashi moto? Huwasha, ila radi ilikuwapo hata katika nyakati za kwanza, na misitu ilirudi. Nasi twajua jinsi majani mabichi yachipukavyo baada ya moto, na jinsi wanyama wayakimbiliavyo. Yaani mwindaji hakungoja mbuga ije, aliitengeneza.

Mabaki ya makundi yale yapo bado. Nyumbu wa Nyasa, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1896 kwa heshima ya Harry Johnston, aishi kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Katika Malawi amekwisha kabisa.

Na watu je? Wazee wa Malawi husimulia habari za wawindaji wafupi waitwao Akafula. Mtu akikutana na mmoja wao aliulizwa, "Umeniona toka wapi?" Naye mwenye akili alijibu, "Nimekuona toka mbali sana," maana akisema hakumwona alichokoza ugomvi. Wengi wamedhani ni hadithi ya kuchekesha watoto. Lakini mwaka 2017 mabingwa walipima mifupa ya watu waliozikwa Malawi kati ya miaka 8,100 na 2,500 iliyopita, mingine ikiwa ya mlima Hora. Wakaona ni watu wa ukoo wao wenyewe, na damu yao haikuonekana katika wenyeji wa leo. Wawindaji walikuwako, hata babu zetu wakulima walipokuja na majembe yao.

Basi mkulima achimbaye ngolo huku Umatengo, akiokota jiwe dogo lenye makali ya kuchongwa, asilitupe. Aangalie lilitoka kina gani, aweke alama mahali pale, kisha ampelekee mwalimu habari.