Speke (jina la ukoo)

Speke (hutamkwa "Spiik") ni jina adimu la ukoo la Kiingereza. Katika Afrika ya Mashariki linajulikana hasa kwa sababu ya mpelelezi John Hanning Speke.

Asili

Umbo la zamani ni Espec, lililotumiwa na Wanormani nchini Uingereza. Kwa kawaida huelezwa kuwa lakabu iliyotokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya ndege kigogota. Baadaye sauti e ya mwanzo ilidondoka.

Jina hili lisichanganywe na Speke, mtaa wa Liverpool, ambao jina lake lina asili nyingine. Kwa upande mwingine, kijiji cha Brampford Speke katika Devon kilipata sehemu ya pili ya jina lake kutoka kwa ukoo huo.

Historia

Walter Espec alianzisha abasia ya Rievaulx, Yorkshire, mwaka 1132. Mwaka 1138 alikuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi la Waingereza lililowashinda Waskoti karibu na Northallerton.

Katika karne zilizofuata ukoo wa Speke ulikuwa na mashamba makubwa Devon na Somerset, hasa Whitelackington. Mwaka 1685 Charles Speke alinyongwa mjini Ilminster baada ya uasi wa Monmouth dhidi ya mfalme James II.

John Hanning Speke alizaliwa Devon mwaka 1827. Tarehe 3 Agosti 1858 alifika kwenye ziwa kubwa karibu na Mwanza, akalipa jina la malkia Viktoria. Vitabu vingi viliandika kwamba "aligundua" ziwa hilo, lakini wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu kale, wakiliita Nyanza. Naye mwenyewe alitegemea wapagazi na viongozi wa njia kama Sidi Mubarak Bombay. Alifariki mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, akazikwa Dowlish Wake, Somerset.

Matumizi mengine

Jina limebaki katika Ghuba ya Speke (Tanzania), Mlima Speke katika safu ya Ruwenzori (Uganda, mita 4,890) na jina la kisayansi la nzohe, Tragelaphus spekii. Hivyo jina lililo adimu kwao Uingereza limo katika ramani na vitabu vya shule vya Afrika ya Mashariki.