Mtaalamu: anajifunza au analipwa?

"Mtaalamu" ni neno la asili ya Kiarabu, na huko lilimtaja mtu anayejifunza. Anayefundisha ndiye aliyetupa "mwalimu". Kwetu mwanafunzi yule amepandishwa cheo: mtaalamu haulizi tena, anaulizwa.

Mchumi wa Marekani Roger Koppl, katika kitabu chake cha 2018, ana maana kavu zaidi: mtaalamu ni yeyote anayelipwa ili atoe maoni. Naipenda, maana inatupeleka moja kwa moja kwenye pesa. Fundi baiskeli akikosea, mteja anahamia kwa jirani. Mtaalamu asiye na mpinzani, anayeshauri kwa fedha za wengine, hana wa kumkimbia.

Kongwa, katikati ya Tanzania, inalijua hilo. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizuru Tanganyika na jirani zake, ukaishauri serikali ya Uingereza ilime karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanzia Kongwa. Wakefield hakuwa mgeni. Aliwahi kuongoza idara ya kilimo humu humu. Wagogo, wenyeji wa Kongwa, waliujua ukame wa kwao, na udongo ambao kiangazi huushika hadi karanga hazing'oki. Hayo nayo yalikuwa maoni, ila hayakuwa na bei. London ilitaka mafuta ya kula, na ripoti iliyoahidi mafuta ndiyo iliyokuwa na mnunuzi. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda, nazo zilikuwa za walipakodi wa Uingereza.