Wimbo wa "Jadi" na Haki ya Mtungaji katika Filamu

Sengenya, ngoma ya Wadigo wa Waa na jirani zao, aghalabu hutajwa kuwa "ya jadi". Neno hilo lina heshima, lakini mbele ya sheria lina hasara: kilicho cha jadi hudhaniwa hakina mtungaji, na kisicho na mtungaji hakimdai mtu mrabaha. Ngoma hiyo ikipigwa picha ya sinema, mchezaji huweza kupewa ujira wa siku moja, na wimbo ukasafiri bure.

Hasara hiyo yaonekana wazi katika historia ya Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" katika studio ya Gallo, Johannesburg, mwaka 1939. Mwaka 1952 haki zake zilihamishwa kwa shilingi 10. Huko Marekani wimbo uligeuzwa, kwanza kwa kudhaniwa kuwa ni wa jadi, na hatimaye ukaingia katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikuwa amekwisha kufa, maskini, mwaka 1962.

Kilichowaokoa warithi wake ni Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilienea katika himaya yote. Kwa sheria hiyo, haki alizouza mtungaji enzi za uhai wake hurudi kwa warithi miaka 25 baada ya kufa kwake. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004. Mwaka 2006 pande mbili zikapatana, na warithi wakakubaliwa malipo.

Filamu hiyo hiyo ilieneza maneno "hakuna matata", ambayo Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuyaimba katika "Jambo Bwana". Hapo lakini hapana dai la namna ya Linda: maneno mawili ya kila siku hayana hakimiliki (ingawa Disney iliyasajili Marekani kuwa alama ya biashara mwaka 2003). Wimbo mzima ndio wenye mwenyewe.

Kenya ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 2001, na mwaka 2016 ikatunga nyingine ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Hiyo ya pili huitazama zaidi jamii. Mtungaji wa Waa aliyetunga juzi, kwa mahadhi ya kale, aweza kumezwa humo.

Wanachuo nao hawana budi kulaumiwa. Katika makusanyo ya nyimbo huandikwa kabila, kijiji na tarehe, na mara nyingi jina la mtungaji halikuulizwa. Kanda ya namna hiyo, ikimfikia mtengeneza filamu, haimwonyeshi mtu wa kuombwa idhini.