Sensa haijui nani mwenyeji

1/ Mjadala wa mipaka ukichacha huku kwetu Lokori, hakosi mtu wa kusema: "Fungueni sensa za zamani, tujue nani mwenyeji na nani wa kuja." Haya, tuzifungue. 👇

2/ Kabla ya 1948, serikali ya mkoloni haikuwa imewahesabu Waafrika wa Kenya nzima. Ilikisia kutokana na kodi ya kibanda. Mlipa kodi alijulikana. Mke na watoto walikuwa makisio tu.

3/ Tangu 1969 tunahesabiwa kila miaka 10. Karani anauliza uhusiano wako na mkuu wa kaya. Lakini unahesabiwa pale ulipolala usiku ule. Kijana aliyelala malishoni anaandikwa huko, mbali na boma la babake.

4/ Na fomu zenyewe huzioni. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya kila kaya. Tunachopewa ni jumla. Uingereza hungoja miaka 100: majina ya 1921 yalifunguliwa 2022. Marekani ni miaka 72.

5/ Hata hizo jumla zina kesi zake. Matokeo ya 2009 yalipotangazwa mwaka uliofuata, ya wilaya 8 yalikataliwa, zikiwemo 3 za Turkana: Kaskazini, Kati na Kusini. Sababu? Eti watu wameongezeka kupita kiasi.

6/ Sasa ukoo unafuatwa vipi? Wazee watakuuliza emachar yako, ile chapa ya mifugo. Pia kama wewe ni Ngimor au Ngirisae: baba akiwa huku, mwana yuko kule. Ila mke huchukua emachar ya mumewe, kwa hivyo upande wa akina mama hupotea haraka. Wa nyanya yangu niliupata kwa kuuliza wazee, kisha kwenye daftari la ubatizo lenye jina la babake. Hakuna sensa iliyonipa jina hilo.

7/ Sensa ina kazi yake. Idadi inaingia kwenye mgao wa pesa za kaunti na kwenye mipaka ya maeneo bunge, kwa hivyo hesabiwa, na usikubali kurukwa. Lakini jumla ya kabila haisemi babu ya jirani yako alizaliwa wapi. Mtu akikwambia ameona ukoo wa fulani kwenye sensa, muulize swali moja tu: fomu hiyo ulifunguliwa na nani?